Kuomba Radhi Si Kukiri Kosa

Chuo changu kilikuwa London na mimi nilikuwa Bankstown, kitongoji cha Sydney, kwenye chumba cha uani nyuma ya nyumba ya familia moja ya Kivietinamu. Hatukuwahi kuonana, mimi na chuo. Kila baada ya wiki mbili kilinitumia somo kwa kompyuta, nami nikakirudishia majibu, na mwalimu ambaye sikujua hata sura yake akaandika pembeni: vizuri, au, fafanua. Somo lenyewe lilikuwa utangulizi wa mfumo wa sheria za Kiingereza na namna wanasheria wanavyofikiri. Watu wa kazini waliponiuliza kwa nini nisome sheria za Uingereza wakati naishi Sydney, niliwajibu kwa jeuri kwamba hata za Sydney zilitoka hukohuko, katika meli moja na wafungwa. Ukweli ni kwamba ndicho chuo pekee kilichonikubali bila maswali mengi.

Nyumbani nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, mkoani Kigoma. Miaka tisa nilikaa pembeni ya hakimu, yeye akisema na mimi nikiandika. Niliandika hukumu za mbuzi, za mipaka ya mashamba, za talaka, za watu waliotukanana kilabuni. Mkono wangu ulijua sheria, kichwa hakikujua. Hakimu akisema "kwa hiyo", naandika "kwa hiyo", lakini hiyo "kwa hiyo" imetokea wapi sikuelewa, na iliniudhi. Nadhani ni udhia huo uliokaa muda mrefu ndio ulionifanya, baada ya miaka mingi na bahari katikati, nikae mezani saa tisa alasiri, miguu ikiniwaka moto kwa shifti ya asubuhi, nisome jinsi majaji wa Kiingereza wanavyofika kwenye "kwa hiyo" yao.

Nikaipenda kazi ile. Unapewa hukumu ya kurasa arobaini, jaji amezunguka weee, amesimulia mvua iliyonyesha siku ile na rangi ya farasi, na wewe unatakiwa kutafuta mambo ya msingi, yaani yale ambayo ungeyabadilisha, hukumu nayo ingebadilika. Mengine yote unaweka kando. Ukishapata mambo ya msingi, unapata kiini cha hukumu, na kiini hicho ndicho kinachomfunga jaji wa kesho. Maneno mengine aliyoyasema ni ya pembeni, yanaweza kusikilizwa kwa heshima lakini hayamfungi mtu. Siku nilipoelewa hilo nilisimama nikazunguka chumba, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna wa kumwambia. Ukielewa jambo na huna wa kumwambia, furaha yake inachacha upesi.

Upweke wa Sydney sikuujua kabla. Kwetu mtu akiwa mpweke watu wanamsema, na kule kusemwa tu kunampa wageni. Hapa unaweza kukaa kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumapili asubuhi bila kufungua mdomo, na hakuna atakayejua. Mwenye nyumba wangu alinipungia mkono kupitia dirisha la jikoni. Mwenye duka la mikate alijua mkate wangu, kwa hiyo hata kuagiza sikuagiza. Kuna Jumamosi nilisoma kitabu kwa sauti ili nihakikishe koo langu bado linafanya kazi. Naandika hivi sasa kama mzaha, lakini siku ile nililia.

Mtu wangu alikuwa mmoja. Alikuwa mama wa Kirundi, mwenzangu kwenye nyumba ya wazee tuliyofanya kazi upande wa Westmead. Umri wake ulikuwa kati ya dada mkubwa na mama mzazi, nami nilichagua kumwita mama. Alikuwa amekaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka kumi na kitu, na tulipopiga hesabu tukagundua kambi ile na mahakama yangu zilitenganishwa na safari ya nusu siku tu. Hilo lilitosha. Aliniita mwanangu. Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwake Auburn, nikala maharage na ndizi, na wanawe wawili waliokuwa shule ya sekondari wakanijibu kila swali la Kiswahili kwa Kiingereza. Yeye ndiye aliyekuwa akinijulia hali. Nikipita siku mbili bila kutuma ujumbe, simu inalia.

"Jaji wangu, leo umehukumu nani?" Ndivyo alivyokuwa akinisalimia.

Nami nilimsimulia. Alisikiliza majaji wa Uingereza kwa uvumilivu ambao hata mwalimu wangu hakuwa nao. Wakati mwingine alisinzia, ila aliamka mahali panapofaa na kuguna.

Nyumba ya wazee nayo nikaigeuza kitabu cha mazoezi. Palikuwa na tangazo ukutani: chakula kisiingizwe vyumbani. Chumba cha mwisho alikaa mzee mmoja aliyezaliwa Poland, na mzee huyo alificha peremende chini ya mto. Je, peremende ni chakula? Nilimweleza mama tukiwa tunakunja mashuka. Ukisoma maneno kama yalivyo, nikasema, kinacholiwa ni chakula, kwa hiyo mzee ana kosa. Lakini majaji wanaweza pia kuuliza: sheria hii iliwekwa kuzuia balaa gani? Iliwekwa kuzuia sisimizi. Peremende imefungwa karatasi yake, haileti sisimizi. Kwa hiyo mzee hana kosa.

"Mi nilijua kitambo hana kosa," akasema mama. "Mi ndo namununulia."

Walipendana sana wale wawili. Mzee alikuja nchi hii kwa meli akiwa mtoto, na familia yake ikakaa Villawood enzi palipokuwa hosteli ya wahamiaji, kabla hapajawa mahali pa kuwafungia watu. Alikumbuka mabati, foleni ya chakula, sauti ya jirani akikohoa ng'ambo ya ukuta. Mama naye alikuwa na mabati yake, foleni yake na jirani yake wa kukohoa. Kiingereza cha mama kilikuwa kidogo na cha mzee kilikuwa kimeanza kumponyoka, ila wakiongea kambi walielewana. Mimi nilipita na toroli la nguo chafu nikiwaona wameshikana mikono, na nilikuwa na wivu kidogo. Nasema ukweli.

Asubuhi moja, saa moja kasoro, mzee alianguka. Kando ya kitanda chake palikuwa na mkeka wa kengele: akiukanyaga tu, kengele inalia kwetu. Siku hiyo haikulia. Mama alikuwa chumba cha jirani akimwosha bibi mmoja, na aliposikia kishindo alikimbia na povu mikononi. Mzee alikuwa sakafuni, nyonga imevunjika. Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali, na mama akabaki amesimama barazani ameishika slipa moja ya mzee.

Alasiri ileile alikuja chumbani kwangu Bankstown. Hakuwahi kuja kabla, siku zote mimi ndiye niliyekwenda kwake. Alikuwa bado amevaa sare. Kiti changu kimoja kilikuwa kimejaa vitabu, akakaa kitandani.

"Wameniita meeting Jumatano," akasema. "Manager anataka statement. Lakini hiyo si ndiyo inanisumbua. Inanisumbua ile familia. Yule binti yake, anakaa Penrith. Mi nataka niende kwake. Nimuombe musamaha. Baba yake ameanguka mu mikono yangu."

Nakumbuka jinsi moyo wangu ulivyoruka, na si kwa huruma. Uliruka kwa sababu nililijua jibu. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke uwanja wa ndege wa nchi hii, mtu alikuwa ameniletea jambo na mimi nikawa na la kusema.

"Usiende," nikamwambia. "Mama, usithubutu."

Nikamfundisha. Nikamwambia kwamba mbele ya sheria, anayeomba radhi anakiri. Nikamwambia binti anaweza kumpeleka mahakamani, na wakili atasimama aseme: huyu hapa, alikuja mwenyewe nyumbani akaomba msamaha, mtu asiye na kosa anaomba msamaha wa nini? Nikamweleza kukiri ni nini na kwa nini majaji wanakuamini. Niliongea dakika ishirini bila kupumua. Mama alinitazama mdomo.

"Lakini sikukosa," akasema.

"Ndiyo maana usiende."

"Kwetu unaenda hata kama hukukosa. Hasa kama hukukosa."

"Hapa si kwetu."

Akavuta uzi uliochomoza kwenye blanketi langu, akauzungusha kidoleni. Kisha akauliza, "Jumamosi uko na nafasi?"

"Hakuna haja ya kungoja Jumamosi," nikasema. "Nitaiandika leo hii."

Na nikaiandika. Alisimulia, nikachuja. Alisema kwamba usiku ule hakulala vizuri kwa sababu mwanawe alikuwa na homa, nikaweka kando. Alisema mzee alikuwa akimwita kwa jina la dada yake aliyekufa, nikaweka kando. Alisema aliomba kwa sauti akiwa amepiga magoti sakafuni, na hilo nikaliweka kando haraka zaidi. Nikabakisha saa, chumba, bibi aliyekuwa akioshwa, mkeka usiolia. Ilipomalizika ilikuwa nusu ukurasa. Sijawahi kuandika kitu safi namna ile. Nilimsomea kwa Kiswahili na akasema, "Haya," akatia sahihi, akaondoka bila kunywa chai.

Jumatano kikaoni wakaipitia karatasi yangu mstari kwa mstari. Ikaonekana kwamba waya wa ule mkeka ulichomolewa wakati wa kufagia, jana yake, shifti ambayo mama hakuwapo. Hakuwa na kosa. Meneja alimshika bega na kumwambia statement yake ilikuwa ya mfano. Nilipopata habari nilinunua keki. Nilijiona wakili kamili, mimi ambaye sijavuka sura ya sita. Wiki hiyohiyo mwalimu wa London alinipa alama ya juu kuliko zote kwa zoezi la kutenganisha mambo ya msingi, na nikamtumia mama picha ya alama ile. Alijibu kwa kidole gumba.

Mzee hakurudi. Alikaa hospitali wiki tatu, kisha tukaambiwa kwenye kikao cha asubuhi kwamba amefariki, na chumba cha mwisho kikapewa bibi mwingine. Mazishi yalikuwa ya familia. Baadhi ya wafanyakazi walitia sahihi kadi, na mama alipopewa kalamu alinitazama kwanza mimi. Nilitikisa kichwa. Kadi ilikuwa na maneno ya pole tu yaliyochapishwa, ila mimi sikutaka jina lake karibu na kitu chochote. Akarudisha kalamu mezani.

Baada ya hapo alianza kupotea. Hakugombana nami, laiti angegombana. Aliomba shifti za jioni na mimi nikabaki za asubuhi, tukawa tunapishana langoni kama watu wa mataifa mawili. Jumapili nilipotuma ujumbe kwamba nakuja, alijibu kwamba wana wageni, au kwamba wanakwenda kwa watu wa kanisa. Mara ya nne nikaacha kutuma. Simu yangu ikawa kimya hivi kwamba siku moja niliipeleka kwa fundi wa pale senta ya Bankstown aiangalie. Akaipiga kwa simu yake mwenyewe, ikalia mkononi mwangu, akaniambia haina ugonjwa.

Sikujua nimefanya nini. Hilo lilinichoma kuliko kuachwa kwenyewe. Nilirudia mambo yote kichwani nikitafuta lile la msingi. Nilimwokolea kazi. Nilifanya bila kungoja asante. Kuna siku nilimkasirikia kabisa, nikamwita mjinga peke yangu chumbani, halafu nikaona aibu kwa sababu kuta za kule ni nyembamba. Nilikula mezani na kitabu kikiwa wazi mbele yangu, ili kiti cha pili kisionekane kitupu, ingawa kiti cha pili sikuwa nacho.

Nikafika sura ya sheria zinazotungwa na bunge. Inasema kwamba majaji wanaweza kujenga kanuni miaka mia mbili, lakini bunge likitunga sheria ya mstari mmoja, kanuni ile inainamisha kichwa. Mwalimu alitutaka tutafute mfano wa nchi tunakoishi. Niliingia kwenye tovuti ya sheria za jimbo letu kutafuta chochote kifupi, na pale, katikati ya vifungu vya watu walioumizwa kwa uzembe, nikakikuta. Kilisema kwamba kuomba radhi si kukiri kosa. Mtu akiomba radhi, haihesabiwi kwamba amekubali lawama, wala haiwezi kuletwa mahakamani kama ushahidi dhidi yake.

Nilikisoma mara tano. Kumbe nilikuwa nimempa mama sheria ya kitabu cha nchi nyingine, tena niliyoisoma nusunusu, na hapa tulipo bunge lilishaketi likafikiria watu kama yeye. Angeweza kwenda. Angeweza kwenda siku ileile, mzee yuko hai, na hakuna wakili duniani ambaye angemgusa kwa hilo.

Nitasema jambo linalonitia haya. Nilifurahi. Nilikuwa nimepata kosa langu, na kosa likishapatikana linaweza kusahihishwa. Nikachapisha kifungu maktaba, nikakikunja vizuri, na Jumamosi mchana nikapanda treni kwenda Lidcombe, nikabadilisha, nikashuka Auburn bila kutuma ujumbe.

Alinifungulia mwenyewe. "Karibu," akasema, akanikalisha, akaweka maji jikoni. Hakuwa na hasira usoni. Alinipa chai na mkate uliopakwa siagi, kama anavyopewa mgeni. Zamani nilijimiminia mwenyewe.

Nikatoa karatasi. Nikamsomea kwa Kiingereza, kisha nikamtafsiria neno kwa neno, kisha nikaeleza kuhusu bunge na majaji. "Kwa hiyo nilikosea, mama," nikamaliza. "Ungeweza kwenda. Nilikupa sheria mbaya. Naomba unisamehe."

Aliichukua karatasi akaitazama, akaiweka mezani akainyoosha kwa kiganja.

"Mi sikukuuliza sheria," akasema.

"Uliniuliza kama uende."

"Hapana, mwanangu. Kwenda nilikuwa nimeshaamua. Nilikuuliza kama Jumamosi uko na nafasi."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nilijua maana yake, hilo ndilo jambo. Kwetu Kigoma ni vilevile. Mtu akiumia mikononi mwako, huendi kwa wenyewe peke yako. Unatafuta mtu wako, yeye ndiye anayetangulia kupiga hodi na kuongea, na wewe unakaa nyuma yake umeinamisha kichwa, ili wenye msiba waone kwamba una watu na kwamba watu wako wanaheshimu watu wao. Miaka tisa niliwaona wakija mahakamani namna hiyo, wawiliwawili, na hakimu akiahirisha kesi ili wakaongee kwanza. Niliandika tarehe za kuahirishwa kwa mkono wangu.

"Bado tunaweza kwenda," nikasema. "Hata leo. Nitaongea mimi."

"Nimeshaenda."

Alikwenda wiki mbili baada ya mazishi. Treni mpaka Penrith, halafu basi, halafu kwa miguu, anuani kaiandika mwanawe kwenye kiganja. Alibeba mkate wa ndizi. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya maneno, kwa sababu, alisema, "Kingereza yangu ni ya kuambia watu kaa, simama, meza dawa. Ya musamaha sina."

"Alikupokea?"

"Vizuri sana. Alilia, na mi nikalia. Akasema baba yake alikuwa ananiulizia kule hospitali. Kila siku anauliza, yule dada yangu yuko wapi."

Nje, mmoja wa wanawe alikuwa akidundisha mpira ukutani. Mama alingoja mpaka akaacha.

"Halafu akachungulia nje, mu barabara," akasema. "Akaniuliza nimekuja na nani. Kama kuna mtu wangu ananingoja, aingie naye anywe chai."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sina mtu."